Sevisi sio kumwaga oili tu: maneno kwa wenye magari kabla ya safari za Desemba

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao salamu hizo sio zenu basi habari za asubuhi. Wazee wangu shikamooni. Mwenyekiti nakushukuru kwa kunipa hii nafasi, najua Jumamosi kila mtu ana vikao vyake, harusi, misiba, wengine ndo siku pekee ya kufua, alafu mmeacha vyote mmekuja kumsikiliza fundi wa magari. Kwahiyo sitazunguka, nitaongea kitu ambacho kila mwisho wa mwaka kinaniuma.

Mnajua tunapoelekea. Wiki chache zijazo watu wa Moshi wanapanda Moshi, watu wa Mbeya, Njombe, Songea, Bukoba, kila mtu anaenda kuhesabiwa kwao. Gari ambayo mwaka mzima imetoka Tabata kwenda Posta na kurudi, inapakiwa watoto, bibi, mabegi mpaka buti haifungi, alafu inakimbizwa zaidi ya kilomita 500 kama ni Moshi au zaidi ya 800 kama ni Mbeya, na siku hiyo hiyo mtu anataka afike. Sasa ukimuuliza mwenyewe, kaka gari umeiangalia? Anakujibu bila wasiwasi, ah nimefanya sevisi juzi. Sevisi gani? Nimemwaga oili.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Kumwaga oili ni sehemu ya sevisi, sio sevisi. Na kingine ambacho mafundi wengi hatupendi kukisema maana kinapunguza ulaji wetu, ni kwamba mtu wa kwanza wa kuitunza gari yako ni wewe, sio mimi. Mimi naiona gari yako saa moja kila baada ya miezi kadhaa, wewe unaikalia asubuhi na jioni. Kama kuna mlio mpya wewe ndo unatakiwa uusikie, kama kuna tone chini pale unapolaza gari usiku wewe ndo wa kuliona, kama zamani ukikanyaga breki inashika juu na siku hizi inashika chini wewe ndo unajua tofauti, mimi sijui, mimi naikuta hivo hivo nadhani ndo ilivyo. Gari ni mara chache sana kuharibika ghafla. Inasema kwanza, wiki, mwezi, wakati mwingine mwaka mzima inasema tu, alafu siku inanyamaza pale Same kwenye jua la saa nane mchana watu wanasema jamani imeharibika ghafla.

Tuanze na hiyo oili kwa sababu ndo mnayoijua.

Wengi mmeshakariri kilomita 5,000. Sio mbaya, ni namba ya kuanzia. Lakini hiyo kilomita 5,000 ya mtu anayetoka Dodoma kwenda Singida kila wiki barabara nyeupe sio sawa na ya mtu wa Dar. Wewe wa Mbagala unayekaa kwenye foleni ya Tazara na Buguruni asubuhi, jioni tena, injini inazunguka masaa, feni inapiga, AC inavuta, na mshale wa kilomita haujasogea hata tano. Injini imefanya kazi ila dashibodi haijaandika. Watengenezaji wenyewe kwenye vitabu vyao wanaandika, ukiendesha kwenye vumbi, foleni, na safari fupi fupi, punguza muda wa kubadilisha, wengine wanasema nusu kabisa. Sasa niambieni, ni nani hapa Dar ambaye haendeshi kwenye vumbi, foleni na safari fupi? Ndo maana mimi nawaambia watu wangu wasingoje kilomita peke yake, angalia na miezi, ikifika miezi sita mwaga hata kama haijatembea.

Na aina ya oili, hapa naomba msikilize maana watu wanaharibu injini kwa nia njema kabisa. IST, Vitz, Raumu, Spacio, Premio hizi za kuanzia miaka ya 2000, injini zake zina VVT-i, yani mfumo unaopanga muda wa valvu kufunguka, na huo mfumo unafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, kuna na kachujio kadogo kabisa ndani. Ilitengenezwa itumie oili nyepesi, 5W-30. Anakuja jirani anakwambia hapa kwetu ni joto weka nambari 40 nzito ndo inalinda. Hailindi. Asubuhi ukiwasha, ile nzito inachelewa kupanda juu, na muda injini inapolika zaidi ni zile sekunde za mwanzo kabla oili haijafika. Ukiongeza na oili isiyobadilishwa muda mrefu inageuka tope, kale kachujio kanaziba, gari inaanza kukosa nguvu mlimani, taa ya cheki injini inawaka, fundi maiko anakwambia plagi, unabadilisha plagi, coil, sensa, mshahara umeisha na tatizo liko pale pale. Kama injini imechoka inakula oili hilo ni suala jingine tuje tuongee, lakini kwa injini nzima soma kitabu, au soma mfuniko wa oili maana mingine imeandikwa juu yake.

Injini ya IST ya 1NZ inabeba kama lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kwahiyo galoni moja ya lita 4 inakutosha. Nunua mwenyewe duka unaloliamini, nenda nayo gereji, ifunguliwe mbele ya macho yako, filta itoke mbele ya macho yako, na ukimaliza kopo tupu litoboe usiliache likaenda kujazwa tena oili feki akauziwa mwenzio. Sisemi mafundi ni wezi, mimi mwenyewe fundi, nasema kitu chako kisimamie.

Sasa maji. Yani kama ningepewa dakika tano tu za kuongea leo ningeongelea maji ya rejeta na breki, basi.

Kulanti, ile ya kupozea injini inayowekwa kwenye rejeta, sio maji yenye rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu ndani, na inachemka juu zaidi ya maji. Injini za siku hizi hedi yake, yani kile kichwa cha juu, ni aluminiamu, rejeta ni aluminiamu na plastiki juu na chini. Wewe unachukua maji ya kisima, na visima vingi vya Dar mnajua wenyewe ni chumvi tupu, unamimina humo. Mwaka mmoja, miwili, rejeta imeziba, pampu ya maji imeliwa, mipira imevimba, alafu unaenda safari ndefu ndo inajionesha, maana mjini ulikuwa unaenda taratibu haikuwa inaelemewa. Kama ulishaweka maji ya bomba usichanganye kulanti juu juu, mwaga yote, osha mfumo, weka kulanti yenyewe. Na soma kopo, kuna ambayo ni tayari na kuna ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji masafi yasiyo na chumvi. Rangi sio kipimo, kijani ya kampuni hii sio lazima iwe sawa na kijani ya ile.

Mfuniko wa rejeta mnaudharau sana. Ule mfuniko una springi na mpira, kazi yake ni kubana presha, mingi imeandikwa 0.9 au 1.1. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, yakibanwa na presha hiyo yanaenda mpaka kwenye 120 ndo yachemke. Mpira ukikatika presha inatoka, gari inachemsha wakati kila kitu kingine kizima. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na hedi. Na thamostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, jamani thamostati! Mtu akikwambia gari inachemsha tuitoe thamostati, mwambie asante alafu ondoka na gari yako. Kwenye injini nyingi za Toyota ile thamostati ikifunguka inafunga njia ya mkato upande wa pili ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa. Mjini unaona sawa, tena injini inakuwa baridi mno inakunywa mafuta, alafu ukipanda mlima mrefu inachemsha kuliko mwanzo. Weka mpya, sio kutoa.

Na nyie wenye Passo na Vitz, nyingi hazina mshale wa joto, zina kataa ka bluu ukiwasha asubuhi na taa nyekundu ikizidi joto. Bluu ni kawaida inazimika yenyewe. Ile nyekundu ikiwaka haisemi angalia, inasema simama sasa hivi. Sio mbele kidogo pale sheli, hapana. Zima AC, weka pembeni, zima injini, fungua boneti, kaa mbali, usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa hata kama ni saa nzima, watu wameungua nyuso kwa haraka hiyo. Na usimwagie injini maji ya baridi, hedi itapasuka au itapinda. Mtu anayesukuma gari inayochemka kilomita mbili anatoka kwenye mpira wa elfu chache anaingia kwenye kufungua injini nzima, hedi imepinda, gasketi imeungua, maji yameingia kwenye oili.

Haya, breki. Hapa nisikilizeni hata nyie mnaochat.

Wangapi hapa mmewahi kubadilisha mafuta ya breki? Sio kuongeza, kubadilisha. Naona mikono mitatu. Na gari nje zimejaa. Ndo nilichokuwa nasema.

Mafuta ya breki yana tabia moja, yanavuta unyevu kutoka hewani, kama vile chumvi ukiiacha wazi jikoni hapa Dar inavyolowana bila kumwagiwa maji. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, yakishavuta maji inashuka mpaka 140. DOT 4 mapya ni 230, yakilowana 155. Na huku pwani kwenye unyevu wa mwaka mzima hayakawii. Kwahiyo kila miaka miwili yatoke yote yaingie mapya, na uangalie mfuniko umeandikwa DOT ngapi.

Kwanini naipigia kelele hii? Kwa sababu ya Kitonga. Ukitoka Dar kwenda Iringa Kitonga unaipanda, tabu yake ni injini na joto. Lakini Januari unarudi, unaishuka, na sasa hivi gari ni nzito kuliko ulivyoenda, kuna gunia la viazi, mchele, ndizi za mama mkwe, watu wamelala nyuma. Kona moja baada ya nyingine, mbele kuna lori linatambaa, wewe mguu uko kwenye breki muda wote. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, kile chuma kinachobana pedi, unaingia kwenye mafuta ya breki, na kama yale mafuta yana maji ndani yanachemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei ila mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inaenda mpaka chini, hakuna kitu. Gari ambayo asubuhi hiyo hiyo ilishika breki vizuri tu mjini Iringa. Trafiki akija atasema breki zilifeli, na ni kweli, ila zilianza kufeli miaka ile ambayo hujawahi kubadilisha mafuta.

Kwahiyo ukishuka Kitonga, Nyang'oro, Sekenke, popote pale pa namna hiyo, gia ndo breki yako ya kwanza. Automatiki ina gia ndogo za 2 na L, ina kitufe cha O/D cha kuzima gia ya juu, hizi za CVT, yani gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, zina S au B. Weka mapema kabla hujaanza kushuka, injini itaishika gari, utasikia inanguruma kidogo usiogope. Breki unakanyaga kwa nguvu muda mfupi unaachia, unazipa nafasi zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta sehemu salama usimame. Na wale wenye tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko eti kuokoa mafuta, naomba leo tuimalize hii. Gari za injeksheni ukiwa kwenye gia umeachia ekseleta mteremkoni, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro ndo inabidi inyunyize ili injini isizime. Hujaokoa chochote, umeitupa breki ya injini bure. Anayezima injini kabisa huyo ndo simwelewi hata kidogo, maana stelingi inakuwa nzito na breki ukikanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu haishuki.

Pedi zenyewe zina kale kachuma kadogo pembeni, ikibaki nyembamba kanagusa diski kanapiga kelele, wiii wiii, ndo alamu yako. Nimeshakuta gari kamekatwa makusudi maana mwenye gari alilalamika kelele. Ukisikia kelele omba tairi itolewe uone unene kwa macho yako, ikifika milimita 3 kwenda chini badilisha usisafiri nayo.

Matairi nitaenda haraka ila kuna mambo mawili hamtayasikia kwa muuza matairi. Gari nyingi zinazotoka Japani zinakuja na matairi ya theluji, hasa zilizotoka Hokkaido. Pembeni yameandikwa STUDLESS. Yanaonekana mapya, kashata, yani yale meno ya tairi, zimejaa, mtu anafurahi kweli. Ile raba ni laini, imetengenezwa kwa barafu, ukiipeleka kwenye lami ya moto ya Chalinze kwenda Segera mwendo wa 100 na mzigo inachemka inaachia. Toa, hata kama yana sura nzuri. La pili ni umri, tafuta namba nne mwisho wa yale maandishi ya DOT pembeni ya tairi, sio DOT ya mafuta ya breki, mfano 2316, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi ya mtumba kashata zinaweza kuwepo na raba imekufa zamani, ikishaanza kuwa na nyufa pembeni basi. Upepo pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, namba sahihi ipo kwenye stika mlangoni kwa dereva, usiseme weka 40 zote. Na tairi ya spea kama ni ile nyembamba inataka upepo mwingi, PSI 60, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, ni ya kukufikisha kwa fundi tu sio ya kukupeleka Mwanza. Kaangalie leo ina upepo au la. Nyingi hazina.

Gia boksi kwa kifupi, kama gari yako ni CVT, kama zile X-Trail za umbo la pili na Vitz nyingi za karibuni, usikubali kuwekewa hydroliki ya kawaida, yani mafuta ya gia boksi ya automatiki, eti zote ni nyekundu. Nissan wana mafuta yao NS-2 na NS-3, Toyota wana yao CVT FE, soma kitabu. Ukikosea hapo hutengenezi, unanunua nyingine. Na wenye Subaru za injini ya EJ na zile Carina na Corolla za zamani za injini ya 5A, mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu za injini, ni wa kubadilisha kila kilomita 100,000, kama umenunua mkononi kwa mtu na hujui ulibadilishwa lini basi hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye nyingi ya Subaru hizo mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo ni injini.

Najua wapo watasema mbona nina stika ya wiki ya nenda kwa usalama kwenye kioo. Hongera, ni jambo zuri ibandike. Lakini askari aliyekagua hakufungua mafuta ya breki yako, hakupima umri wa thamostati, na hata ukikuta kosa lako halijaonekana, mlimani litaonekana.

Wenye gari za hesabu pia, hili ni lenu. Umempa kijana gari analeta elfu zake kila siku, ukimuuliza sevisi anasema boss ipo poa, yeye hataki siku ipotee, wewe hutaki hesabu ikosekane, gari hamna anayeitetea. Kubalianeni siku moja ya mwezi ambayo hakuna hesabu, gari inalala gereji, na hiyo siku usimdai. Kijana ana abiria humo ndani.

Alafu nunueni daftari. La kawaida la shule, liwekwe kwenye dashibodi. Kila kinachofanyika andika tarehe, kilomita, kitu gani, aina gani ya oili, nani kafanya. Miezi sita ikipita hutokumbuka, hata mimi sitokumbuka. Ukienda kwa fundi mwingine unamfungulia tu anasoma. Siku ukiuza hiyo gari hilo daftari linaongeza bei, mimi nikiletewa gari ya kukagua yenye daftari mteja wangu namwambia ongeza kidogo uichukue.

Na safari yenyewe, naomba gari iletwe gereji wiki mbili kabla, sio jioni ya kuamkia safari. Wiki mbili zinatosha kuagiza spea Gerezani, kufunga, na kuendesha mjini uone kama fundi amefunga vizuri, maana hata sisi boliti inaweza kubaki haijakaza. Usifunge kitu kipya usiku alafu saa kumi alfajiri uko Kibaha na familia.

Mama pale nyuma alikuwa ameuliza kabla hatujaanza, kwamba yeye hajui hata boneti inafunguliwaje na anaona aibu kuuliza fundi. Mama yangu, hamna aibu yoyote, na ninaamini sio wewe peke yako ila wewe ndo umesema. Gari zote zilizopo hapo nje zimepoa sasa hivi, tumekaa muda wa kutosha. Tutoke, tuanze na ya kwako, nitakuonesha pa kuvuta, kijiti cha oili, kopo la kulanti na mistari yake miwili, na kopo la mafuta ya breki, na wengine kila mtu afungue ya kwake afuatilie. Mwenye tochi ya simu aje mbele.